Mnara wako mzima, hesabu ndiyo mbovu: ethanoli na maji kwenye mgandamizo wa Mwanza

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nipo Igoma, Mwanza. Tuna mtambo mdogo wenye leseni, tunakeneka pombe ya molasi iliyochachuka ili tupate ethanoli ya vitakasa mikono. Pombe inaingia ikiwa na asilimia 8 kwa ujazo. Nilipiga hesabu kwenye Excel kwa kanuni ya Raoult, ikaniambia hatua tisa za nadharia (kila hatua ni kuchemka na kuganda mara moja) zinatosha kufika asilimia 99. Mnara wetu wa kukenekea una zaidi ya hizo. Lakini alkoholimita, kile kipimo cha nguvu ya pombe, inagoma kati ya 97.5 na 98, tunasoma chumbani kwenye digrii 28, na hata tukirudisha karibu kimiminika chote mnarani haisogei. Kingine, kipimajoto cha juu ya mnara kinasoma 74.8 wakati kila kitabu kinasema 78. Kibovu ni kipimajoto, mnara, au mimi?

Jibu: Marahaba. Mnara wako uko sawa, na kipimajoto kiko sawa kabisa. Kibovu ni karatasi ya Excel. Nianze na hilo la joto kwa sababu ni jepesi.

Vitabu vinataja 78 kwa sababu vimeandikwa kwa mgandamizo wa usawa wa bahari, yaani 760 mmHg (milimita za zebaki). Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa hapo ni kama kilopaskali 88.4, sawa na 663 mmHg. Aliyewahi kuchemsha maharage Dar es Salaam na Mwanza analijua jambo hili hata bila fomula. Weka 663 kwenye mlinganyo wa Antoine, unaounganisha joto na mgandamizo wa mvuke wa kimiminika:

log P = A − B / (t + C)

P ni mmHg, t ni digrii za Selsiasi, na logi ni ya kizio 10. Kwa ethanoli tumia A = 8.11220, B = 1592.864, C = 226.184. Kwa maji A = 8.07131, B = 1730.63, C = 233.426. Utaona ethanoli tupu inachemka kwenye 74.9 na maji kwenye 96.2. Basi 74.8 yako ni ya kweli. Ukitaka kukihakiki kipimajoto, chemsha maji safi na usome joto la mvuke wake: kikisema 96.2 kiko sawa, kikisema 100 hapo ndipo ukitupe.

Angalizo moja kuhusu mgandamizo. Usiuchukue kwenye programu ya hali ya hewa ya simu. Zile hekta-paskali 1,013 au 1,016 unazoziona zimeshabadilishwa kuwa za usawa wa bahari ili ramani za hali ya hewa zilingane. Mgandamizo unaoukandamiza mtambo wako ni kama hekta-paskali 884. Kosa hilo peke yake linasogeza joto lako la hesabu zaidi ya digrii 3.

Sasa tuje kwenye alkoholimita. Kile kipimo kimechorwa kwa digrii 20. Karibu na asilimia 96, kila digrii moja ya ziada hukizidishia usomaji kama asilimia 0.2. Kwenye digrii 28 unaongezewa 1.6 hadi 1.7 bure. Kwa hiyo "97.5 hadi 98" yako ni asilimia 96 hivi kwa ujazo. Poza sampuli hadi 20 ndani ya ndoo yenye barafu kidogo, kisha upime tena.

Hiyo 96 kwa ujazo ni asilimia 93.8 kwa uzito, na kwa moli, yaani kwa kuhesabu idadi ya molekuli, ni 0.856. Nasisitiza moli kwa sababu milinganyo yote ya msawazo wa mvuke na kimiminika inaongea moli, na watu wengi wanaokwama wamechomeka asilimia ya ujazo moja kwa moja. Pombe yako ya asilimia 8 kwa ujazo ni asilimia 6.4 kwa uzito, na kwa moli ni 0.026 tu. Ukiandika 0.08 pale, umekosea mara tatu kabla hujaanza.

Raoult alitoa kanuni yake miaka ya 1880. Inasema mgandamizo wa kila kijenzi juu ya mchanganyiko ni sehemu yake ya moli kuzidisha mgandamizo wake kikiwa peke yake. Hiyo ni kweli kwa vimiminika vinavyofanana kitabia, kama benzini na tolueni. Maji na ethanoli havifanani. Molekuli za maji zimeshikana kwa mafungo ya haidrojeni pande zote. Ethanoli ina kichwa kinachopenda maji na mkia wa kaboni mbili ambao maji hayautaki. Ikiwa chache ndani ya maji mengi, inasukumwa nje. Inakimbilia kwenye mvuke kwa nguvu kubwa kuliko kiasi chake kinavyostahili.

Kusukumwa huko ndiko tunakokupima kwa kizidisho gama (γ):

P = x₁γ₁P₁ + x₂γ₂P₂

Namba 1 ni ethanoli, 2 ni maji; x ni sehemu ya moli kwenye kimiminika, na P₁ na P₂ ni mgandamizo wa kila kimoja kikiwa peke yake, unaoupata kwa Antoine. Raoult ni pale gama zote zikiwa 1. Kwa kuanzia, tumia mlinganyo wa van Laar. Ni wa zamani, una namba mbili tu, na unaingia kwenye seli mbili za Excel:

ln γ₁ = A₁₂ [A₂₁x₂ / (A₁₂x₁ + A₂₁x₂)]²
ln γ₂ = A₂₁ [A₁₂x₁ / (A₁₂x₁ + A₂₁x₂)]²

Kwa ethanoli na maji, A₁₂ = 1.6798 na A₂₁ = 0.9227. Hapa logi ni asilia, si ya kizio 10 kama ile ya Antoine. Kuzichanganya hizi mbili kwenye karatasi moja ndiko kunakoharibu hesabu nyingi kuliko kitu kingine chochote. La pili ni kugeuza A₁₂ na A₂₁. Jipime hivi: ethanoli ikikaribia sifuri, γ₁ iwe 5.4. Ukipata 2.5 umezigeuza.

Tufanye pombe yako, x₁ = 0.026. Fomula zinatoa γ₁ = 4.61 na γ₂ = 1.002. Maji ni mengi, hayahisi lolote. Ethanoli ndiyo inayosukumwa mara nne na nusu. Sasa kisia joto, tuseme 92. Antoine anakupa ethanoli 1,277 na maji 567. Jumla:

0.026 × 4.61 × 1,277 + 0.974 × 1.002 × 567 = 153 + 553 = 706

Tunataka 663, kwa hiyo joto limezidi. Kwenye eneo hili mgandamizo hupanda kama 25 mmHg kwa digrii moja, hivyo punguza digrii 1.7. Kwenye 90.3 jumla inatoka 662. Imetosha. Mvuke wake ni sehemu ya ethanoli ÷ jumla yote: 144 ÷ 663 = 0.217 kwa moli, yaani karibu asilimia 49 kwa ujazo.

Rudia hesabu hiyohiyo kwa Raoult. Joto linatoka 95.4, na mvuke 0.056 kwa moli, kama asilimia 16 kwa ujazo. Ona tofauti: kanuni yako inasema mvuke wa kwanza kutoka pipani ni wa asilimia 16, kumbe ni wa 49. Hapa ungeweza kumshtukia Raoult bila hesabu nyingine yoyote, kwa kupima tone la kwanza tu.

Kwa hiyo kule chini Raoult anakuonea. Mbona basi juu anakudanganya kwa upande wa pili? Kitu cha kuangalia ni uwiano wa kupaa: uwiano wa ethanoli kwa maji kwenye mvuke, gawanya kwa uwiano huohuo kwenye kimiminika. Kwa Raoult uwiano huu ni kama 2.3 popote ulipo mnarani. Kwa van Laar, kwenye 663 mmHg, nimepata hivi. Kimiminika cha 0.026 kina uwiano wa 10.4. Kwenye 0.10 ni 7.1, mvuke ukiwa 0.44 na joto 83.1. Kwenye 0.50 umeshuka hadi 1.94, mvuke 0.66, joto 76.5. Kwenye 0.86, hapo ulipokwama, ni 1.07, na mvuke ni 0.868.

Soma tena hiyo ya mwisho. Kimiminika 0.860, mvuke 0.868. Hatua nzima ya mnara inakupa nane ya elfu. Raoult anaahidi kwamba hatua hiyo moja itakupeleka 0.93. Ndiyo maana Excel yako ilitoa hatua tisa hadi 99. Hatua mbili za kwanza za kweli zinakutoa 0.026 hadi karibu 0.54, yaani asilimia 80 na ushei kwa ujazo, wakati Raoult angekuwa bado yuko 0.12. Halafu mwendo unafifia: 0.67, 0.74, 0.78, 0.80, unatambaa. Wewe umeshatambaa hadi 0.856, na hiyo inaonyesha vijazio vya ndani ya mnara wako vinafanya kazi vizuri. Pongezi kwa aliyevipanga.

Sababu ya kufifia ni kwamba mambo yamegeuka. Kule juu maji ndiyo machache, na yenyewe sasa ndiyo yanayosukumwa nje ya ethanoli. Kwenye 0.86, γ₂ imefika 2.2 na γ₁ imerudi 1.01. Maji, ambayo kwa asili ni mazito kupaa, yamesukumwa hadi yanapaa karibu sawa na ethanoli. Zikilingana kabisa, mvuke unafanana na kimiminika, na hapo hata mnara wa urefu wa jiwe la Bismarck la hapo Mwanza haukusaidii. Sehemu hiyo ndiyo azeotropi. Kwa 760 mmHg iko kwenye 0.894 kwa moli, asilimia 95.6 kwa uzito au 97.2 kwa ujazo, joto 78.2 hivi. Kwa Mwanza inasogea kidogo tu, hadi karibu asilimia 95.7 kwa uzito, na joto lake ni kama 74.7. Mwinuko wa Mwanza hauipeleki azeotropi mbali.

Kuna jambo kuhusu van Laar ambalo lazima nikuambie, maana utaligundua mwenyewe na utadhani umekosea. Ukitafuta azeotropi kwa namba nilizokupa, kwenye 760 utapata 0.916, si 0.894. Kwa Mwanza utapata 0.920. Mlinganyo wenyewe umekosea, na kosa lake ni dogo ajabu: uwiano wa gama umezidi kwa asilimia 2.5 tu. Kule juu mistari miwili ya mchoro, wa mvuke na wa kimiminika, inakaribiana kwa pembe nyembamba mno, hivyo kosa dogo la gama linasogeza makutano mbali. Namba hizi ni nzuri chini na katikati ya mnara. Usizitumie kuhesabu hatua za juu kabisa. Zitumie kwa tofauti (kushuka kutoka 760 hadi 663 kunaongeza kama 0.004), kisha ongeza tofauti hiyo kwenye azeotropi iliyopimwa.

Na usijaribu kujitungia namba kwa kutumia azeotropi peke yake, ingawa vitabu hupenda zoezi hilo. Pale γ₁ ni 1.006 tu, na logi yake ni karibu sifuri. Ukiweka joto la azeotropi 78.15, A₁₂ inatoka 1.9. Ukiweka 78.20, inatoka 2.7. Tofauti ya nusu ya sehemu ya kumi ya digrii, ambayo hakuna kipimajoto cha dukani kitakachoiona, inabadilisha kila kitu kule chini. A₂₁ yenyewe inatulia, 0.94 dhidi ya 0.90. Anayetaka namba zake mwenyewe apime katikati: vimiminika vitano au sita kati ya 0.05 na 0.7, joto na mvuke wa kila kimoja, kisha atafute A mbili zinazopunguza makosa ya mvuke kwa pamoja.

Ukihitaji usahihi zaidi, hamia mlinganyo wa Wilson wa mwaka 1964. Nao una namba mbili kwa kila jozi, lakini unaingiza joto ndani yake, na kwa pombe na maji hufanya vizuri kuliko van Laar. Udhaifu wake ni kwamba hauwezi kabisa kueleza vimiminika vinavyojitenga tabaka mbili. Kwa vimiminika vya namna hiyo tumia mlinganyo wa NRTL, wa mwaka 1968.

Hilo la tabaka linakuhusu kuliko unavyofikiri. Pombe ya molasi ina mafuta ya fuseli, hasa pombe ya isoamili inayochemka kwenye digrii 131 hivi. Kwa Raoult ungetarajia ibaki chini ya pipa. Haibaki. Ndani ya maji mengi inasukumwa nje kwa nguvu kuliko hata ethanoli, kwa kuwa mkia wake ni mrefu zaidi, hivyo inapanda. Ikifika juu kwenye ethanoli nyingi, haisukumwi tena, uzito wake unairudisha chini. Matokeo yake inakwama katikati ya mnara na kurundikana, joto la mnara linaanza kuyumba na ethanoli inatoka na harufu mbaya. Toboa bomba dogo la pembeni katikati ya mnara, uitoe kidogo kidogo wakati wa kazi. Ukiikoroga na maji kwenye chupa itajitenga juu kama mafuta. Hakuna fomula ya Raoult itakayokuonyesha mahali pa kutoboa.

Upande wa mvuke nimeuchukulia kuwa gesi kamilifu. Kwa ethanoli na maji kwenye 88 kPa kosa ni dogo, uliache. Ila usinakili karatasi hii kwa asidi ya asetiki: molekuli zake hushikana mbili mbili hata zikiwa mvuke, na hesabu itakuangusha.

Sasa, je, unaihitaji hiyo 99? Kwa kazi uliyoitaja, hapana. Fomula ya Shirika la Afya Duniani ya kitakasa mikono kwa lita 10 inaanza na ethanoli ya asilimia 96, mililita 8,333. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 417. Gliserini ya asilimia 98, mililita 145. Kisha unajaza hadi lita 10 kwa maji yaliyokenekwa au yaliyochemshwa na kupozwa. Mwisho wake ni ethanoli asilimia 80. Kausha zaidi, halafu urudishe maji uliyoyatoa? Ningeishia kwenye 96 yako na kutumia nguvu kwenye fuseli.

Ikiwa kuna mteja anayetaka kavu kabisa, mnara uuache, tumia kikaushio. Lita 10 za asilimia 96 zina uzito wa kilo 8.07, na maji ndani yake ni nusu kilo. Punje za zeolaiti za aina ya 3A zina vitundu vya angstromu 3: maji yanaingia, ethanoli haiingii. Panga kilo 4 hadi 5 kwa lita hizo 10, na baada ya kazi ziachie ethanoli yote ipae nje, mbali na moto, kabla ya kuzikausha kwenye digrii 200 hadi 300. Aina ya 4A ni ya bei sawa na huuzwa kwa urahisi, lakini kwa ethanoli sitaki kuisikia, 3A ndiyo inayoifungia nje.

Njia ya chokaa nayo ipo, ila lazima iwe isiyozimwa. Ile ya mifuko ya kupakia ukuta mara nyingi imeshazimwa, imeshakunywa maji yake, haikufai hata kidogo. Dondosha maji kidogo juu ya bonge: ikipata moto na kupasuka ndiyo yenyewe. Nusu kilo ya maji inakula kilo 1.6 ya chokaa kwa hesabu ya moli. Kwa vitendo weka kilo 3, acha siku nzima ikiwa imefunikwa bila kubanwa, kisha keneka upya. Inatoa joto, hivyo iingize kidogo kidogo.

Utasikia pia ushauri wa kupunguza mgandamizo kwa pampu, kwamba chini ya 70 mmHg azeotropi inapotea. Ni kweli. Lakini hapo mchanganyiko unachemka kwenye digrii 28 hivi, na maji ya ziwa unayoyapitisha kwenye kipozeo yana 25 au zaidi. Mvuke hautaganda, utaenda moja kwa moja kwenye pampu. Na anayekwambia ongeza benzini, mwambie inasababisha saratani ya damu na umalizane naye.

Mwisho, ethanoli ya 96 inatoa mvuke unaoshika moto kuanzia digrii 17, na Mwanza mchana wowote uko juu ya hapo. Kama pipa lako bado linachemshwa kwa mkaa au gesi chini yake, badilisha utumie mvuke wa boila au hita ya umeme iliyozibwa kabla hujagusa hiyo Excel.